Deni la Masomo: Je, Ni Haki Kulipima kwa Mshahara wa Kesho?

Karibu kila kijiji kina mtoto anayewashinda wenzake wote katika hesabu. Mwalimu anapoandika tarakimu ubaoni, yeye amekwisha kujibu kabla chaki haijawekwa chini. Wazazi wake hufurahi; na nyuma ya furaha hiyo huja swali lisilo na furaha. Akimaliza shule ya sekondari, ni nani atakayemlipia chuo kikuu? Kama hakuna wa kulipa, je, yafaa akope? Na akikopa, je, mshahara utakaoletwa na elimu hiyo utatosha kulirudisha deni?

Juu ya jambo hili watu wamegawanyika. Wengine husema kwamba elimu ni nuru, na nuru haipimwi kwa mizani ya duka. Kijana anayeuliza habari za mshahara kabla hajajifunza kitu ni mwenye tamaa. Wengine hujibu kwamba elimu isiyoleta feza ni mchezo wa matajiri, na kwamba maskini lazima aipime kama apimavyo gunia la mahindi. Hao wa kwanza wamekosea, kwa maana mkopo ni ahadi, na mtu aahidiye bila kuhesabu huahidi kwa mali ya wengine. Hao wa pili nao wamekosea, si kwa sababu wanahesabu, bali kwa sababu wanahesabu vibaya. Wanashika namba moja, yaani mshahara wa wastani wa wenye shahada, wakifikiri kwamba namba hiyo ni ya mtoto wao. Si yake. Kosa hili la pili ni la hatari zaidi, kwa kuwa linavaa nguo za akili.

Deni ni nini? Deni ni mali ya mwingine iliyo mikononi mwako kwa muda, pamoja na ahadi ya kuirudisha. Je, kukopa ni zambi? Hapana. Mvuvi hukopa feza za wavu, mkulima hukopa mbegu, wala hakuna anayewalaumu. Lakini deni la masomo halifanani na deni la wavu. Mvuvi akishindwa kulipa, mwenye feza atauchukua wavu, na maneno yao yatakwisha, ijapokuwa kwa huzuni. Elimu ya hesabu haiwezi kutolewa kichwani mwa mtu ikauzwa sokoni. Basi anayekopesha kwa ajili ya masomo hana kitu cha kushika isipokuwa mshahara wa kesho, na kesho haijamwonyesha mtu uso wake. Mkopaji naye ana miaka 18 au 20. Hajapokea mshahara hata siku moja, lakini anatia sahihi juu ya mishahara ya miaka kumi au zaidi. Ndiyo sababu serikali za nchi nyingi zimeona kwamba mkopo wa namna hii usiachwe kwa wafanya biashara ya feza peke yao, zikauwekea sheria.

Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, katika nchi ya Tanzania, sheria hiyo ilitungwa mwaka 2004, na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ikaanza kazi mwaka 2005. Bodi humkopesha mwanafunzi ada ya chuo, chakula na malazi, vitabu, na mahitaji mengine ya masomo, kwa kadiri ya uhitaji wa jamaa yake. Sasa fikiri juu ya binti mmoja wa mfano; si binti fulani anayejulikana, bali mmoja aliye kama wengi. Amezaliwa katika kijiji cha wavuvi mkoani Kigoma, ambako mama yake hukausha na kuuza dagaa, wale ambao upande wa Kongo huitwa ndakala. Amefaulu kidato cha sita. Anataka kusoma hesabu katika chuo kikuu, masomo ya miaka 3. Iwe kwamba ada yake ni shilingi 1,300,000 kwa mwaka, na vitabu 300,000. Feza za chakula na malazi huhesabiwa kwa siku; mwaka 2022 zilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000. Kwa siku 240 za masomo zitakuwa 2,400,000. Basi mwaka mmoja ni 4,000,000, na miaka yote 3 ni 12,000,000.

Msomaji aitazame vizuri hesabu hii ndogo. Katika hizo 12,000,000, ada ni 3,900,000 tu. Chakula na malazi ni 7,200,000. Watu husema kwamba hesabu ni elimu ya bei kubwa. Sivyo. Kinachokula feza ni ugali na kitanda cha mjini kwa miaka 3 bila kufanya kazi. Tena binti huyo angekula hata kama angebaki nyumbani kwao, ingawa kwa feza chache zaidi. Kwa upande wa pili kuna gharama isiyoandikwa kabisa katika karatasi za Bodi, nayo ni yale ambayo angeyapata kama asingekwenda. Kama faida yake katika dagaa ingekuwa 150,000 kwa mwezi, miezi 36 ingeleta 5,400,000. Mtu anayepima kwa haki hutia feza hizo pia katika mizani, ijapokuwa hakuna atakayekuja kumdai.

Sasa kuna upande wa kulipa. Walio wengi hutazama ukubwa wa deni tu, wakaogopa au wakatulia kwa sababu hiyo. Lakini 12,000,000 peke yake haisemi neno. Yanayosema ni masharti. Hapo mwanzo mtu aliyepata kazi alikatwa asilimia 8 ya mshahara wake wa msingi. Sheria ilipobadilishwa mwaka 2016, makato yakawa asilimia 15. Tena palikuwa na ongezeko la asilimia 6 kwa mwaka juu ya deni lililobaki, ili feza za Bodi zisipoteze nguvu yake kwa kupanda kwa bei. Ongezeko hilo liliondolewa mwaka 2021.

Chukua karatasi uhesabu mwenyewe, ukiweka mshahara wa mfano wa shilingi 700,000 kwa mwezi. Asilimia 15 ni 105,000. Deni la 12,000,000 lisilo na ongezeko litakwisha mwezi wa 115, yaani baada ya miaka 9 na nusu na kitu kidogo. Sasa tia ongezeko la asilimia 6. Mwezi wa kwanza 60,000 zinaliwa na ongezeko, na 45,000 tu ndizo zinazopunguza deni. Ulipaji utafika miezi 170, ambayo ni zaidi ya miaka 14. Mwisho, weka makato ya asilimia 8 pamoja na ongezeko lile lile. Makato ni 56,000, na ongezeko ni 60,000. Mtu huyo analipa kila mwezi, hakosi hata mara moja, na deni lake linakua! Ni kweli kwamba mshahara hupanda kadiri miaka inavyopita, na makato hupanda pamoja nao. Lakini miaka ya mwanzo, ambayo ndiyo miaka ya kujenga nyumba na kuoa au kuolewa, huenda yote bila deni kusogea. Deni ni moja, mshahara ni mmoja, binti ni yule yule. Masharti yakibadilika, maisha yake yanabadilika. Yashangaza kuwaona watu wanaokwenda kujifunza kuhesabu wakitia sahihi karatasi ambayo hawakuihesabu.

Je, elimu ya hesabu huleta kazi gani? Wengine hufundisha. Wengine huingia katika benki, katika bima, katika ofisi za takwimu na za kodi, au katika kazi za kompyuta. Sifa ya somo hili ni nzuri mahali pengi. Katika Uingereza, wachunguzi wa taasisi iitwayo Institute for Fiscal Studies walionyesha mwaka 2018 kwamba waliosoma hesabu, pamoja na waliosoma uganga na uchumi, kwa kawaida hupata mapato yanayopita yale ya mwenye shahada wa wastani kwa asilimia 30 au zaidi. Katika Tanzania serikali imewatanguliza mara kwa mara walimu wa hesabu na wa sayansi, kwa kuwa ni wachache mashuleni. Lakini nafasi za kazi hutangazwa kwa vipindi, na waombaji huwa wengi kupita nafasi. Mwenye shahada aweza kungoja mwaka mmoja, miwili, mitatu, huku vyeti vyake vikikaa ndani ya bahasha chini ya godoro.

Hapo ndipo watu wenye elimu hutamka neno "mapato yanayotarajiwa". Neno hilo lina asili yake, nayo yafaa ijulikane. Mwaka 1654 Wafaransa wawili, Blaise Pascal na Pierre de Fermat, waliandikiana barua juu ya swali la wacheza kamari: mchezo ukikatizwa kabla ya mwisho, feza zilizowekwa mezani zigawanywe namna gani kwa haki? Hawakusema kwamba aliyetangulia achukue zote, wala kwamba kila mtu arudishiwe zake. Walihesabu njia zote ambazo mchezo ungeweza kwenda hata mwisho wake, wakampa kila mmoja sehemu inayolingana na njia zake za kushinda. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1657, Mholanzi Christiaan Huygens alichapisha maandishi yake juu ya namna hiyo ya kuhesabu. Tangu wakati ule wanadamu wameweza kuyapima mambo ambayo bado hayajatokea. Mwanzo wake ulikuwa meza ya kamari, ni kweli, lakini swali lililoulizwa mezani hapo lilikuwa swali la haki.

Watazame basi vijana 10 waliomaliza hesabu pamoja. Iwe kwamba 5 wamepata kazi ya mshahara wa 700,000. Watatu wanafundisha watoto wa watu jioni na kufanya vibarua, wakipata 300,000. Wawili hawana kitu. Jumla yao ni 4,400,000. Ukiigawa kwa 10, wastani ni 440,000. Hesabu hiyo ni sahihi kabisa, na mwalimu yeyote ataitia alama nzuri. Lakini uliza swali moja: kati ya hao 10, ni nani anayepokea 440,000? Hakuna hata mmoja. Watano wanapata zaidi sana, watatu wanapata pungufu, wawili wanalala na njaa. Namba iliyotangazwa kwa wazazi wote siku ya kuandikisha watoto ni mshahara wa mtu asiyekuwako.

Je, wastani ni uongo? Si uongo, ila una mwenyewe. Mtazame tajiri wa ziwani aliye na mitumbwi 10. Usiku mitumbwi 2 ikirudi mitupu, mingine imejaa. Asubuhi yeye hujumlisha samaki wote, naye hali kwa mtumbwi mmoja mmoja, anakula kwa wastani. Kwake namba ile ni chakula halisi. Mvuvi mwenye mtumbwi mmoja hawezi kula wastani. Mtumbwi wake ukirudi mtupu, watoto wake hawatashiba kwa kuambiwa kwamba ziwa zima usiku ule lilitoa samaki wa kutosha. Bodi inayokopesha maelfu ya vijana ndiyo yenye mitumbwi mingi. Binti wa Kigoma ana mmoja, nao ni maisha yake.

Jambo hili lilifahamika zamani kwa watu wa hesabu wenyewe. Mwaka 1738 Daniel Bernoulli, mtu wa ukoo wa Basel katika Uswisi, alitoa maandishi yaliyochapwa Saint Petersburg, ambamo alimfikiri maskini aliyepata karatasi ya bahati nasibu. Karatasi hiyo ina nafasi sawa ya kumpa duka 20,000 za zahabu, au kutompa kitu. Wastani wake ni 10,000. Je, maskini huyo akiiuza kwa 9,000, ni mjinga? Bernoulli alijibu kwamba si mjinga. Na tajiri anayekataa kuinunua kwa bei hiyo ndiye anayekosa akili. Sababu yake ni hii: faida ya feza hutegemea mali aliyo nayo mtu tayari. Shilingi elfu moja mkononi mwa asiye na kitu ni chakula cha leo. Mkononi mwa tajiri ni chenji. Na kupoteza ni hivyo hivyo. Kwa hiyo watu wawili wanaweza kuitazama karatasi moja, wakahesabu kwa namna moja, na mmoja akawa na haki ya kukubali na mwingine akawa na haki ya kukataa.

Kutokana na hayo yaonekana wazi jinsi deni la masomo lipasavyo kupimwa. Anayekopa asiulize kwanza, "Nitapata kiasi gani nikifanikiwa?" Aulize, "Karatasi hii itanitendea nini nikiwa mmoja wa wale wawili?" Swali hilo si la uvivu wala la imani ndogo. Ni swali la mvuvi anayetazama mawingu kabla ya kusukuma mtumbwi, ilhali usiku mwingi huwa mwema.

Kuna nchi ambayo imelijibu swali hilo kwa sheria. Katika Uingereza ada ya chuo ilianza kutozwa mwaka 1998, pauni 1,000 kwa mwaka. Mwaka 2012 ilifika 9,000, hivyo vijana hutoka chuoni na madeni ambayo baba zao hawakuyajua. Lakini kwa wanaoanza masomo tangu Agosti 2023, sheria ya huko England iliweka kiwango cha pauni 25,000 za mapato kwa mwaka. Aliye chini ya kiwango halipi chochote. Aliye juu hulipa asilimia 9 ya kile kinachozidi tu: mwenye 30,000 hulipa 450 kwa mwaka mzima. Baada ya miaka 40, deni lililobaki hufutwa. Maana yake ni kwamba mwaka mbaya wa mkopaji hubebwa na mwenye mitumbwi mingi. Wala miaka mibaya si hadisi tu. Wachunguzi wale wale waliotajwa juu waliandika mwaka 2020 kwamba kusoma chuo kikuu huko huwaletea faida wanafunzi walio wengi, lakini karibu mmoja kati ya 5 angekuwa na feza zaidi kama asingaliingia kabisa. Mmoja kati ya 5, ndio wawili kati ya 10.

Hata hivyo, utaratibu huo una madoa yake. Miaka 40 ni karibu maisha yote ya kazi. Tena deni linalofutwa halipotei hewani. Hulipwa na walipa kodi wote, na miongoni mwao yumo mwashi ambaye hakupata kukanyaga chuo. Je, ni haki mwashi amlipie mtu wa hesabu? Mtu aweza kujibu kwamba mwashi naye hufaidika, kwa maana daraja analovuka lilihesabiwa na mtu, na mtoto wake hufundishwa na mtu. Jibu hilo lina nguvu kwa yule anayefundisha mtoto wa mwashi. Kwa yule aliyechukua shahada akaenda kuhesabu faida za wenye benki, nguvu yake inapungua sana. Katika Tanzania jambo limewekwa kwa njia nyingine: asilimia 15 hukatwa kwa mwenye mshahara mdogo na kwa mwenye mshahara mkubwa, na deni hungoja mpaka limalizike. Bernoulli angeuliza kwa nini 105,000 za mwalimu mpya zihesabiwe sawa na sehemu ile ile ya mshahara wa mkubwa wa benki, hali ya kwanza inatoka katika sahani na ya pili inatoka katika akiba. Swali hilo ni la haki, na watunga sheria hawana budi kulijibu.

Lakini mtu asifikiri kwamba njia salama ni kutokukopa. Maskini wote wakikataa mkopo, hesabu itakuwa elimu ya watoto wa matajiri peke yao, na mtoto yule wa ubaoni atabaki akihesabu vikapu vya dagaa maisha yake yote. Kutokukopa nako kuna gharama. Turudi kwa binti wa mfano. Akipata kazi, baada ya makato ya deni hubakiwa na 595,000, na hata baada ya kodi na michango mingine hupata zaidi ya mara mbili ya zile 150,000 za dagaa. Miaka 3 aliyoipoteza huirudisha upesi. Akikosa kazi, deni linamngoja. Lakini hakuna sheria inayomkataza kuuza dagaa akingoja. Anayemkataza ni aibu. Jamaa na majirani husema, "Mwenye shahada amerudi kukausha samaki!", naye hujificha mjini kwa rafiki, akila deni jingine juu ya deni la kwanza. Aibu hiyo haimo katika masharti ya Bodi, nayo imewagharimu vijana wengi kuliko ongezeko la asilimia 6.

Kuna pia yule anayefanikiwa na asitake kulipa. Hubadili kazi bila kutoa habari, au hujisifu kwamba serikali haikumpata. Huyo afahamu feza zile zinakwenda wapi. Marejesho ya waliotangulia hukopeshwa wanaofuata. 105,000 anazozificha kwa mwezi ni chakula na malazi ya siku 10 na nusu ya mwanafunzi mwingine, labda wa kijiji chake mwenyewe. Yule aliyekosa kazi hana hatia kwa kutokulipa, kwa maana hakuna mtu afungwaye na jambo lisilowezekana. Aliye na kazi akajificha amechukua wavu wa mwenzake.

Katika Kongo wanafunzi walio wengi hawana bodi inayowafikia. Je, maana yake hawana deni? Wanalo, tena kubwa, ila halikuandikwa. Bodi yao ni jamaa. Baba huuza mbuzi, mjomba huuza sehemu ya shamba, mama huingia katika chama cha kuchangiana feza na kupokea zamu yake mapema, na dada aliyeolewa mbali hutuma alichonacho. Hakuna aliyetaja asilimia. Hakuna aliyetaja mwisho. Kijana akipata kazi, huanza kukatwa na kila mkono, na kwa kuwa hakuna hesabu, kila mmoja huona kwamba amelipwa kidogo, naye kijana huona kwamba amelipa mno. Ugomvi mwingi wa jamaa wenye msomi mmoja hutoka hapo. Watu wema wamekuwa adui kwa kuwa waliona haya kusema namba walipokuwa bado wanapendana.

Kusema namba mapema si ukosefu wa upendo. Kabla mbuzi hawajauzwa, jamaa wanaweza kukaa chini na kusema: hizi ni zawadi, wala hazitadaiwa, hizi ni mkopo, na zitarudi kwa kiasi fulani, kwa muda fulani, kama kazi ikipatikana, na kama isipopatikana, tutafanya hivi. Wakubwa wengi watasema kwamba maneno hayo ni ya wageni. Lakini mkopo wa mbegu kati ya majirani una kipimo chake, na mahari ina hesabu yake inayojulikana na pande zote mbili. Masomo tu ndiyo yameachwa bila kipimo, labda kwa sababu ni jambo jipya.

Na wakikaa hivyo, wamtazame pia mtoto mwingine aliyemo nyumbani. Mara nyingi feza hazitoshi watoto wawili, na mdogo wa msomi huondolewa shuleni ili mkubwa aendelee. Huyo hakukopesha kwa hiari yake; miaka 14 haina sauti katika baraza la wakubwa. Yampasa yule anayekwenda chuoni amtie katika hesabu yake mtoto huyo kwanza, mbele ya mjomba mwenye shamba na mbele ya baba mwenye mbuzi, kwa sababu mbuzi wengine huzaliwa na shamba laweza kukombolewa. Miaka 3 ya chuo na miaka 2 ya kungoja kazi ni miaka 5. Mshahara wa kwanza utakapofika nyumbani, aliyekuwa na miaka 14 atakuwa na 19, na darasa alilolitoka litakuwa na watoto wengine.